Majitaka ya Mwanza: Kutoka Miambani hadi Mabwawa ya Butuja

Jiji la Mwanza limejengwa juu ya vilima vya mawe ya matale, na miamba hiyo ndiyo iliyoamua kwa kiasi kikubwa namna majitaka yake yanavyoweza kuondolewa. Choo cha shimo hakichimbiki kwa kina juu ya mwamba, hivyo mvua inaponyesha, uchafu hushuka hadi Mto Mirongo, unaopita Mabatini na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, chanzo cha maji ya kunywa ya jiji hilohilo.

Suluhisho lililochukuliwa katika vilima vya Igogo, Mabatini na Kilimahewa, chini ya mpango wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Viktoria (LVWATSAN) uliogharamiwa pamoja na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, ni mtandao rahisi wa majitaka, mbinu iliyoanzia mjini Natal, Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bomba la kawaida hufukiwa chini sana barabarani ili lisipasuliwe na uzito wa magari. Mtandao rahisi huiacha barabara na kupitisha mabomba membamba, ya kipenyo cha takriban milimita 100, nyuani na vichochoroni, mahali ambapo hakuna gari linalopita na ambapo mtaro wa kina kifupi unatosha. Mteremko, ambao ni adha kwa mjenzi wa nyumba, hapa huwa msaada, kwa kuwa majitaka hushuka yenyewe bila pampu. Ugumu uliobaki ni wa kijamii zaidi kuliko wa kihandisi: jirani akikataa bomba lisipite uani kwake, au akitupa matambara chooni, nyumba zote zilizo juu yake huathirika.

Majitaka hayo huishia katika mabwawa ya Butuja, Manispaa ya Ilemela. Katika mabwawa ya aina hii, bwawa la kwanza huwa na kina kirefu na halina oksijeni, na humo tope hutuama na kumeng'enywa na bakteria. La pili, lenye kina cha mita moja hadi mbili, hutegemea mwani unaozalisha oksijeni mchana. Na katika yale ya mwisho, mwanga wa jua pamoja na ualkali unaopandishwa na mwani huo huua vimelea vya magonjwa. Joto la Mwanza, lisilopungua sana mwaka mzima, huufaa mno utaratibu huu usiohitaji umeme.

Hata hivyo, mabwawa hayaondoi fosforasi kwa kiasi cha kuridhisha, na fosforasi ndiyo mbolea ya mwani na magugu maji yanayolisumbua ziwa. Zaidi ya hayo, uchafu wa viwandani unaweza kuyalemea, ndiyo maana eneo la Nyakato, lenye viwanda kando ya barabara ya Musoma, linastahili mpango wake. Damu na mafuta ya samaki, kwa mfano, huziba mabomba na kumaliza oksijeni ya bwawa la pili, ilhali kiwango cha taifa kinataka maji yanayotoka yasizidi miligramu 30 kwa lita za oksijeni inayoliwa na uchafu kwa siku tano. Mtego wa mafuta na tangi la kutuamisha ndani ya uzio wa kila kiwanda kinachozalisha uchafu wa namna hiyo unapaswa kutangulia bomba la kukiunganisha, kwani bwawa lililokwisha kujaa mafuta husafishwa kwa kulifunga na kulikausha, huku majitaka ya kaya yakiendelea kuja.