Ada ya Mwalimu wa Pozi

Methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza, imewanyima watu wengi mafunzo waliyoyahitaji. Nimeisikia hapa Nyamwaga juu ya jambo ambalo yamkini wahenga hawakulifikiria. Mjukuu wangu, aliyetumia miaka minne kunyanyua vyuma, anajiandaa kwa shindano lake la kwanza la kutunisha misuli huko Mwanza, naye ameshauriwa atafute mwalimu wa pozi. Ada anayodaiwa yakaribia bei ya mbuzi wawili. "Babu, nimlipe mtu anifundishe kusimama?" aliniuliza. Wazee wenzangu walicheka sana, na mmoja wao ndiye aliyeitoa hiyo methali. Mimi niliomba muda, nikaitazama mara mbili filamu ambayo vijana wa vyuma huitaja kila wakutanapo.

Filamu yenyewe ni Pumping Iron, iliyoongozwa na George Butler na Robert Fiore na kutolewa mwaka 1977. Inawafuata watunisha misuli hadi kwenye shindano la Mr. Olympia la mwaka 1975, lililofanyika Pretoria, Afrika Kusini, ambako Arnold Schwarzenegger alishinda kwa mara ya sita mfululizo. Msomaji atatarajia vyuma na jasho, navyo vimo tele. Lakini filamu haianzii huko. Inaanzia katika chumba cha kufundishia dansi, Schwarzenegger na rafiki yake Franco Columbu wakiwa mbele ya mwalimu wa kike wa baleti. Wanaume wawili wenye vifua kama mapipa wanarekebishwa mikono kama watoto wa darasa la kwanza, nao wanatii.

Watazamaji wengi hulichukulia tukio hili kuwa kichekesho cha kufungulia. Kwangu mimi ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizomo katika filamu nzima. Mwanafunzi hapa si mtu anayeanza, ni bingwa. Na kinachofundishwa si jinsi ya kuwa na misuli, maana hiyo wanayo ya kutosha, bali jinsi ya kutoka pozi moja kwenda jingine bila kuonekana kama mtu anayehamisha gunia.

Mtaani neno "mapozi" limekuwa na maana ya maringo, na nadhani hapo ndipo wazee wangu walipopotoshwa. Jukwaani pozi ni kazi ngumu. Katika mashindano ya wanaume yafuatayo taratibu za shirikisho la IFBB yako mapozi 7 ya lazima: mikono kukunjwa juu kwa mbele, kutanua mgongo kwa mbele, kifua kwa ubavu, kisha mikono na mgongo tena kwa nyuma, msuli wa nyuma ya mkono kwa ubavu, na mwisho tumbo pamoja na mapaja. Katika kila moja mshindani hukaza mwili wote kuanzia nyayoni, kwa sababu jaji aangaliaye mkono anaiona na miguu. Huku amekaza, lazima apumue, na uso usionyeshe mateso. Asiyejua kuyafungua mabega yake atautanua mgongo na bado ataonekana mwembamba, ingawa msuli upo. Tena washindani husimamishwa pamoja ili walinganishwe; ukichelewa kulipata pozi lako, mwenzako amekwisha kuonekana.

Hilo mimi nalijua kwa njia nyingine. Chuoni nimewakagua wanachuo wengi wa ualimu wakati wa mazoezi ya kufundisha, wakiwemo waliolimudu somo lao barabara, lakini wakaandika ubaoni kwa dakika kumi wakiwa wameligeuzia darasa mgongo. Maarifa yao yalikuwepo, ila hakuna mtoto aliyeyapata.

Sasa nije kwenye sehemu ya filamu iliyonikera. Schwarzenegger anasimulia, kwa furaha kubwa, jinsi mtunisha misuli mmoja alivyomjia kuomba msaada wa pozi kabla ya shindano huko Munich. Akamwambia kwamba mtindo mpya wa Marekani ni kupiga kelele jukwaani: mikono ikiwa juu, sauti iwe ya juu, mikono ikishuka, sauti nayo ishuke. Yule maskini akajifunza, akaenda akapiga kelele mbele ya watu, akaondolewa jukwaani. Schwarzenegger mwenyewe amekiri miaka ya baadaye kwamba baadhi ya aliyoyasimulia katika filamu hiyo yalitungwa, kwa hiyo huenda hata hiki ni kisa cha kutunga. Haidhuru. Filamu inataka tucheke, na vijana hucheka. Mimi sikucheka. Mtu asiyejua alimwendea ajuaye, akamwamini, akapewa uongo kwa makusudi. Filamu inauita huo ujanja wa bingwa.

Hivyo filamu hii ina walimu wawili wa pozi. Yule mama wa baleti anapewa dakika chache za mwanzo, kisha hatumwoni tena; tapeli anapewa filamu nzima. Hata huko Pretoria, mji mkuu wa makaburu, wakati Mandela yuko gerezani Robben Island na sisi Tanzania tukiwahifadhi wapigania uhuru, kamera inaona misuli tu. Serge Nubret, mtu mweusi kutoka Guadeloupe, alisimama kwenye jukwaa lile na kuwa wa pili katika kundi la wazito, mbele ya Lou Ferrigno. Filamu inampitia harakaharaka, huku kijana Ferrigno na baba yake wakifuatwa hadi nyumbani. Hao ni watengenezaji wenye jicho kali la kuona mwili na jicho hafifu la kuona kilichouzunguka.

Mjukuu nilimjibu kwamba alipe, ila si yote kwa mkupuo. Kwanza amwombe mwalimu huyo asimame naye nusu saa bila kioo, maana jukwaani hakuna kioo. Kama katika nusu saa hiyo mwalimu atajionyesha misuli yake mwenyewe, arudi nyumbani na fedha zake. Kama atapiga magoti kuitazama miguu ya mwanafunzi, amlipe nusu, na nusu nyingine baada ya wiki sita. Mbuzi mmoja amekwisha kuuzwa Jumamosi iliyopita. Yule mzee mwenye methali ndiye aliyemnunua, baada ya muuzaji kumsifia mbuzi huyo kwa robo saa nzima.