Mlima wa Fofa na Pupa ya Mwaka 2004

Wasomaji waliofuatilia mambo ya mradi wa umeme wa maji wa Gibe ya Pili huko Uhabeshi hawana haja ya kusimuliwa jiografia yake kwa urefu: maji yatokayo katika mitambo ya Gibe ya Kwanza huchepushwa, hupitishwa chini ya mlima wa Fofa kwa handaki la kilomita 26, kisha huporomoshwa kiasi cha mita 500 hadi bonde la mto Omo, ambako mitambo minne ya Pelton inazalisha megawati 420. Bwawa kubwa la akiba hakuna. Handaki ndilo mradi wenyewe, na likiziba, mitambo yote inageuka mapambo. Kwa sababu hiyo nasema mapema kwamba uamuzi wa mwaka 2004 wa kutia saini mkataba pasi na zabuni ya ushindani, na kuahidi umeme kabla ya mwaka 2007 kwisha, ilhali tumbo la mlima halijatiwa sindano za uchunguzi za kutosha, ulikuwa kosa dhahiri, na yote yaliyofuata ni riba ya deni lile.

Tuutazame uamuzi huo kwa utulivu. Kampuni ya Salini ilikabidhiwa usanifu, ununuzi na ujenzi kwa mkataba mmoja, Italia ikatoa mkopo wa euro milioni 220, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ikaongeza milioni 50, na kazi ya kupekecha ikapewa mashine mbili za ngao pacha za kampuni ya SELI, moja kutoka mlango wa maji na nyingine kutoka upande wa Omo. Mashine ya ngao pacha ni chombo adhimu pale mwamba unapotulia: miguu yake hukaza ukutani, kichwa kikasonga mbele, na nyuma yake vipande vya zege vikapangwa pete baada ya pete bila ya kazi kusimama. Lakini chombo hicho ni kirefu, tena ni kipofu. Fundi aliye ndani yake hauoni mwamba ila kwa vidirisha vichache na kwa kifusi kinachotoka kwenye mkanda, na ukutani pakilainika miguu hukosa pa kushika, nao mwili wote wa chuma ukabanwa na mlima unaojifinya. Mwenye kuchagua chombo cha namna hiyo amejifunga, kwa chaguo lake mwenyewe, kuujua mlima kabla ya kuuingia. Hawakuujua.

Mwezi Oktoba 2006 mashine ya upande wa mlango wa maji ilikuta ufa uliojaa tope, na tope hilo halikungoja kuchimbwa. Lilikuja lenyewe, likaisukuma mashine kurudi nyuma na kupinda vyuma vyake, kwa shinikizo ambalo wahandisi wenyewe walilitaja kuwa bar 40. Asiyezoea kipimo hicho na adhani anazamishwa mita 400 katika ziwa letu la Tanganyika, kisha aambiwe afungue dirisha. Ikanenwa kwamba hiyo ni ajali ya kijiolojia isiyotazamiwa. Neno hilo nimelichukia muda mrefu, na wanaonisoma wanajua, kwa maana aghalabu kisichotazamiwa ni kile ambacho hapana aliyelipwa akitazame. Wanaomtetea mkandarasi hudai kwamba mlima ni mrefu mno juu ya handaki, na kutoboa kutoka kileleni ni gharama isiyo kifani. Nakubali gharama, sikubali hitimisho. Pale usipoweza kutoboa kutoka juu, unatoboa kutoka mbele: kila siku, kabla ya kichwa kuzunguka, tundu jembamba la makumi ya mita hutangulizwa, na kinachotoka tunduni kikasomwa. Ila katika mkataba wa bei moja kwa kazi nzima, kila saa ya kutoboa tundu la uchunguzi ni saa ambayo kichwa hakizunguki, na saa hiyo hulipwa na mfuko wa mkandarasi. Ndiyo siri ya pupa ile.

Kuikwamua mashine, kwa kuichimbia njia ya pembeni na kuitengeneza upya chini ya mlima, ilikuwa kazi ya mafundi hodari, na haki yao naitoa.

Kwa kulinganisha, Wajapani waliochimba handaki la reli la Seikan, kuanzia mwaka 1964 hadi treni ya kwanza ilipopita mwaka 1988, walikuwa watu wa tabia nyingine kabisa. Walitanguliza handaki jembamba la upelelezi chini ya bahari, wakatoboa matundu marefu ya mlalo mbele yake, wakaingiza saruji katika nyufa, na walipoona mashine ya kupekecha haipatani na mwamba unaobadilika kila hatua waliiweka kando, wakarudi kwenye baruti bila ya kuona haya. Walifurikwa hata hivyo, na watu 34 walikufa. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba waliingia wakiwa wamefumba macho. Waswisi wa handaki la Gotthard nao, waliposikia habari ya Piora, pale palipohofiwa dolomiti iliyosagika yenye maji, walitumia miaka ya 1990 kuchimba njia ya uchunguzi na kutoboa hadi kina cha handaki lijalo, na ndipo walipojua kwamba huko chini mwamba ni mkavu na mgumu. Huo ndio uhandisi niliofundishwa kuuheshimu: hofu ikageuzwa kuwa vipimo, na vipimo vikatangulia mkataba.

Kisha ikaja sherehe. Tarehe 13 Januari 2010 mradi ulizinduliwa mbele ya wakubwa, miaka miwili baada ya ahadi. Mwezi huo haujaisha, sehemu ya handaki ikaporomoka na maji yakafungwa, na mwaka ukakaribia kumalizika kabla ya mitambo kuzunguka tena. Habari ya kukata utepe nimeisema sana katika safu hii, wala sitachoka kuisema, kwamba handaki la maji halizinduliwi kwa mkasi bali kwa misimu ya kujazwa, kutolewa maji na kukaguliwa kwa taa, pete kwa pete.

Mtu wa Kalemie, huku kwetu kando ya Tanganyika, atauliza yanamhusu nini. Yanamhusu kwa kuwa Omo na Tanganyika ni watoto wa Bonde la Ufa lile lile, na waliokuwapo tarehe 5 Desemba 2005, ziwa lilipotikisika kwa kipimo cha 6.8 na nyumba zetu zikaanguka, hawahitaji profesa awaambie kwamba miamba ya huku imevunjika. Wahandisi wa Kampuni ya Reli ya Maziwa Makuu, pamoja na ubaya wote wa shokoa waliyowatwisha watu, walipoileta njia kutoka Kabalo mwaka 1915 waliufuata mto Lukuga kwa adabu, wakauacha mlima mahali pake. Umeme wetu wa kituo cha Bendera nao hautoshi, na siku moja atakuja mtu na ramani, mkopo na picha ya mashine yenye kichwa kinachong'aa. Akija, kabla ya kuulizwa megawati, na afunuliwe ukurasa wa mkataba unaotaja matundu ya uchunguzi, asemeshwe yatalipwa kiasi gani kwa mita, na kwa mfuko wa nani.