Matamasha ya Kigali Mwaka 2023: Mpangilio wa Mwalimu Mmoja wa Muhima

Wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wana zoezi ambalo wengi wenu mnalikumbuka: kuandika uhakiki wa kazi moja ya sanaa waliyoiona kwa macho yao. Zamani karatasi zilijaa riwaya na tamthilia, na mara nyingi riwaya na tamthilia zilezile. Siku hizi wanaleta matamasha ya muziki. Safari hii tuliwabana kidogo. Tuliwaambia wachague matamasha ya mwaka mmoja tu, 2023, wayapange kutoka lililo bora hadi lililo baya, na watetee mpangilio wao kwa Kiswahili. Tuliuchagua mwaka huo kwa sababu ndio ambao majukwaa makubwa yalishuka Kigali kwa mfululizo, na pia kwa sababu shauku yake imekwisha kupoa. Mtu akihakiki tamasha asubuhi yake, anahakiki usingizi aliokosa.

Walipomaliza, wakanigeuzia kibao: "Mwalimu, na wewe lete wako." Basi huu hapa.

Kabla ya kuanza, neno moja kuhusu istilahi. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama tuliyoyaona ni matamasha ya roki. La hasha, wapiga roki Kigali ni wachache, na mwaka ule hawakuwa na jukwaa lolote kubwa. Lakini swali lake lilituongoza kwenye jambo lenye faida. Kinyarwanda kina neno igitaramo, litokanalo na gutarama, yaani watu kukutana jioni wakapeana nyimbo, hadithi na mazungumzo. Kamusi zetu zinatupa "kutumbuiza", lakini kutumbuiza ni kazi ya msanii peke yake. Wengine wanakaa na kutazama. "Kubarizi" kunakaribia, ila hakuna ngoma ndani yake. Kwa hiyo nilichukua neno la Kinyarwanda likawa mizani yangu: je, palikuwa na igitaramo, au palikuwa na watu elfu kadhaa waliotazama upande mmoja? Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nikaongeza swali la pili: lugha yetu ilikaa wapi usiku ule? Taa, mavazi na moshi wa jukwaani sikuvipa alama. Wapo wanaovijua zaidi yangu.

Tuanze na BK Arena kule Remera, ule ukumbi wa watu 10,000 uliofunguliwa Agosti 2019 kwa jina la Kigali Arena. Mwaka 2023 mambo makubwa matatu yalifanyika humo. Agosti lilikuja tamasha la Giants of Africa, shughuli ya vijana na mpira wa kikapu inayoongozwa na Masai Ujiri. Diamond Platnumz wa Tanzania alikuwamo katika ufunguzi, na Davido, Tiwa Savage na Tyla wakawamo katika kufunga. Tarehe 21 Oktoba zikaja tuzo za Trace. Tarehe 6 Desemba ikaja Move Afrika, Kendrick Lamar akiwa nyota wa usiku, na kabla yake Zuchu wa Zanzibar pamoja na Bruce Melodie na Ariel Wayz wa hapa nyumbani.

Tuzo za Trace nimeziweka chini kuliko wanafunzi wote walivyoziweka, na nadaiwa maelezo. Sina neno na wasanii. Shida yangu ni orodha ya tuzo zenyewe. Palikuwa na tuzo ya msanii bora wa Afrika inayozungumza Kiingereza, ya Afrika inayozungumza Kifaransa na ya Afrika inayozungumza Kireno. Diamond, ambaye ameuza Kiswahili bara zima, alipewa tuzo ya Afrika Mashariki, yaani alihesabiwa kwa ramani. Wengine wakahesabiwa kwa lugha, na lugha hizo zote tatu zilikuja kwa meli. Mwanafunzi mmoja alinijibu kwamba tuzo ni biashara na biashara hufuata masoko. Sawa. Lakini soko la Kiswahili linaanzia Lubumbashi linaishia Lamu, na hafla ilifanyika katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017. Kama hata hapa hakikupata mstari wake kwenye orodha, kitaupata wapi?

Giants of Africa nimeliweka katikati. Lilikuwa tamasha la vijana na liliwapa vijana nafasi. Linastahili heshima kwa hilo, nami sina zaidi la kusema.

Sasa Move Afrika. Karibu wanafunzi wote waliliweka la kwanza, nami nimeliweka la pili. Nikiri kwamba nilikwenda Remera nikiwa nimekunja uso, nikidhani usiku mzima ungekuwa wa Kiingereza kitupu. Sikukosea sana. Hata hivyo usiku ule ulinipa somo ambalo nimelifundisha darasani mara tatu tangu hapo.

Somo lenyewe ni hili. Kendrick Lamar ni mshairi mgumu. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa albamu yake DAMN., na kabla yake tuzo hiyo haikuwahi kutoka nje ya muziki wa klasiki na jazi. Maneno yake yamefungamana, yana lahaja ya Compton, yana mafumbo ndani ya mafumbo. Pale nilipokaa, nadhani hapakuwa na watu watano walioweza kueleza ubeti mmoja kikamilifu. Lakini hakuna aliyelalamika! Waliitikia walichokijua na kuruka walichokikosa, na walitoka wakiwa na fahari. Wiki ile ile, darasani, msichana mmoja hodari akaniambia kuwa Zuchu anamshinda "kwa sababu Kiswahili chake ni kigumu, cha pwani". Nikamuuliza, je, Kendrick ni mwepesi? Darasa likacheka, naye akacheka. Kisha akasema jambo la kweli lililonikaa moyoni: "Mwalimu, nikishindwa Kiingereza naona mimi ndiye sijafika. Nikishindwa Kiswahili naona Kiswahili ndicho chenye kosa."

Zuchu anastahili masikio bora ya hapo. Mama yake ni Khadija Kopa, malkia wa taarabu aliyevuma na TOT, na anayesikiliza "Sukari", wimbo uliotoka 2021, atakuta ndani ya mdundo wa kisasa ile tabia ya taarabu ya kusema jambo kwa kulizunguka. Ni malighafi ya somo la fasihi simulizi iliyokuja hadi Remera yenyewe. Nani kati yetu walimu aliipeleka darasani siku iliyofuata? Mimi nilichelewa wiki nzima.

Na Bruce Melodie ametuachia mjadala ambao haujakwisha hadi leo katika chumba chetu cha walimu. Wimbo wake "Funga Macho" ulipata toleo jipya mwaka huohuo wa 2023 akiwa na Shaggy wa Jamaika, likapewa jina la Kiingereza, na jina la Kiswahili likabaki kwenye mabano. Mwenzangu mmoja alishika kalamu nyekundu: macho hufumbwa, hayafungwi, anayefungwa macho ni yule anayewekewa kitambaa. Kwa sarufi ya kamusi yuko sahihi. Lakini watu wengi husema hivyohivyo kuanzia Nyamirambo mpaka Goma, na Kinyarwanda nacho kina gufunga. Je, tusahihishe? Mimi huwaambia wanafunzi waandike "fumba" katika mtihani, waimbe "funga" barabarani, na wajue kwa nini wanafanya hivyo. Mwenzangu huniona nimelegea.

Nafasi ya kwanza, pamoja na ile ya mwisho kabisa, sikuzipata Remera. Nilizipata usiku mmoja, ndani ya ukumbi mmoja, hapa Muhima.

Kwa wasomaji wa mbali: Muhima ni mteremko unaoshuka kutoka katikati ya jiji hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Ukishuka kwa miguu unaipita hospitali, maduka ya vipuri na vibanda vya simu, na kila hatua Kiswahili kinazidi. Juu kule unasalimiwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Chini, penye mabasi ya Kampala na ya mpakani mwa Kongo, mizigo inapakiwa kwa Kiswahili. Si kile cha vitabu vyetu. Utasikia "batu banakuyaka", ambapo ba- imeshika mahali pa wa-, na -ka ya mwishoni inabeba kazi ya hu- ya mazoea. Nimeishi kwenye mteremko huu miaka mingi, na ndiyo maabara yangu.

Mahali penyewe sitapataja. Ni ukumbi wa baa nyuma ya jengo la ghorofa, viti vya plastiki, kitambaa mlangoni kimeandikwa KALIBUNI WOTE. (Hilo nalisamehe, l na r zinatutesa sote, na aliyewahi kusoma insha kuhusu wananchi waliojitokeza kwa wingi "kupiga kula" atanielewa.) Bendi ilikuwa ya igisope, yaani wale wanaopiga karahanyuze, zilipendwa za Rwanda, wakichanganya na rumba ya Kongo: gitaa la solo, la rizimu, la besi, ngoma, na mwimbaji mmoja mtu mzima mwenye koti lililomzidi mabega.

Mshereheshaji alikuwa kijana mwenye kipaji, nasema hivyo bila kejeli. Wageni aliwakaribisha kwa Kinyarwanda safi. Alipomtambulisha mkubwa mmoja aliyekuwapo akahamia Kifaransa, na kwa vijana wa meza ya mbele akahamia Kiingereza. Kisha akaanza vichekesho. Mwizi wa simu alipotokea katika hadithi yake, mwizi akazungumza Kiswahili. Mlevi akazungumza Kiswahili. Askari wa zamani mwenye kofi tayari mkononi, Kiswahili. Mpiga debe mwongo, Kiswahili tena. Muda wa nusu saa sikumsikia mtu mwema hata mmoja akizungumza lugha yangu. Ukumbi ulikufa kwa kicheko.

Na mimi nilicheka. Yule wa mpiga debe alinivunja mbavu, kwa sababu alimwigiza sawasawa.

Nilipoacha kucheka nikaona meza ya pili wanafunzi wangu wawili, mmoja wao akiwa karibu kwenda mazoezi ya kufundisha. Walikuwa wananitazama waone mwalimu anafanyaje. Hapo ndipo kicheko kilipogeuka uchungu kinywani. Historia yake tunaijua sote: Kiswahili kilifika hapa na misafara ya wafanyabiashara na askari wa Wajerumani, kikawekwa katika mitaa ya pembeni, na neno umuswahili likapata maana ya mjanja asiyeaminika. Sheria ya 2017 ilikipa Kiswahili kiti. Haikuweza kuingia ndani ya vichekesho. Mwanafunzi wangu atasimama mbele ya watoto arobaini ambao wote wamekwishakutana na lugha hiyo kwenye kinywa cha mwizi wa mshereheshaji, kabla hajafungua kitabu. Kwa sababu hiyo kipindi kile cha nusu saa ndicho onesho baya kuliko yote niliyoyaona mwaka 2023, na ubaya wake umezidi kwa kuwa lilifanywa kwa ustadi.

Kisha yule mwimbaji wa koti akakamata kipaza sauti. Sijui kama alikuwa amesikia vile vichekesho. Huenda alikuwa nje anavuta sigara. Akasalimu kwa Kiswahili cha Kivu, ba- zake zote zikiwa mahali pake, polepole, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Akauliza nani ametoka mbali. Mama mmoja, mfanyabiashara aliyekosa basi la Gisenyi, akajibu kutoka nyuma. Wakaongea hivi hivi, yeye jukwaani na mama kitini, kuhusu njia, mvua na bei ya viazi, huku gitaa la besi likitembea chini chini. Watu wakaanza kuchangia. Mzee mmoja alisahihisha bei. Wimbo ulipoanza, hakuna aliyeweza kusema ulianzia wapi, maana mazungumzo yalikuwa yameingia ndani yake. Walicheza hata wale waliokuja na Kifaransa chao. Hiyo ndiyo maana ya igitaramo, nami sikukiona kingine mwaka ule.

Kimuziki, gitaa la solo lilikuwa limelegea uzi mmoja, na vipaza sauti vilipiga mluzi mara kwa mara. Wanafunzi wamenishutumu kwamba naipendelea baa ya mtaani kwangu, kwamba ningelazimika kupanda moto hadi Remera kila mara alama zingebadilika. Inawezekana. Na wale wawili wa meza ya pili wameandika uhakiki wao wa usiku uleule: mmoja amempa mshereheshaji nafasi ya kwanza, akitetea kwamba mchekeshaji huchukua sauti anazozikuta mtaani na hana wajibu wa kuzitakasa. Ni insha nzuri, yenye hoja, na nimempa alama za juu kuliko nilivyotaka. Imebandikwa kwenye ubao wa idara pamoja na nyingine. Msomaji mwenye mpangilio tofauti aulete kabla ya muhula kufungwa, umeandikwa kwa Kiswahili, hata kile cha Nyabugogo.