Fedha za Majasusi Zilivyoifikisha Makurunge Kwenye Simu

Mtu yeyote akifungua Google Earth na kuandika Makurunge, dunia huzunguka, Afrika husogea karibu, kisha Mto Wami huonekana ukijipinda kuelekea Bahari ya Hindi. Kusini yake kuna vitalu vya miwa vya Bagamoyo Sugar, kampuni ya kundi la Bakhresa. Akiwa kwenye kompyuta anaweza kurudisha picha nyuma miaka kadhaa: miwa hutoweka, vikabaki vichaka vya iliyokuwa RAZABA, ranchi ya Serikali ya Zanzibar, eneo ambalo mradi wa sukari wa EcoEnergy ulipewa kabla serikali haijausimamisha mwaka 2016. Yote hayo huonekana bila malipo. Lakini kabla zana hiyo haijawa ya kila mtu, ilipita kwanza mikononi mwa majasusi.

Mwaka 1999 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, chini ya mkurugenzi wake George Tenet, ilikuwa imeachwa nyuma na vijana wa California. Walitengeneza programu bora kuliko zilizokuwa ofisini mwake, na hawakuwa na hamu ya zabuni za serikali. Ndipo ikaundwa In-Q-Tel, kampuni binafsi isiyogawa faida, yenye bodi yake lakini ikiendeshwa kwa bajeti ya CIA. Uongozi akakabidhiwa Gilman Louie, mtu wa michezo ya kompyuta, miongoni mwa walioingiza Tetris Marekani.

Ufundi wenyewe uko hapa. Ndani ya CIA kuna ofisi ndogo inayosimama kati ya majasusi na In-Q-Tel. Hukusanya shida za idara mbalimbali, huzivua siri, kisha huzitoa zikiwa maswali ya kawaida ya kiufundi. Jasusi hasemi anamtafuta nani wala wapi. Anasema, kwa mfano, anahitaji programu ya kupanga picha nyingi za angani juu ya ramani moja, ifunguke haraka kwenye kompyuta ya kawaida. Mhandisi asiye na kibali chochote cha siri anaweza kulijibu swali hilo. Fedha zinazofuata si nyingi kwa viwango vya Silicon Valley, na sehemu kubwa hulipia kazi mahususi ya kuirekebisha bidhaa imfae mteja. Hisa huchukuliwa pia, ila si shabaha kuu.

Keyhole, kampuni changa iliyoanzishwa mwaka 2001, ilikuwa na jibu la swali hilo mkononi na mfuko uliokuwa ukikauka. Picha ya dunia nzima ilikuwa kubwa mno kupita kwenye intaneti ya wakati ule, hivyo wahandisi wake waliikata vipande, kila eneo likiwa na matoleo kadhaa, kuanzia lenye ukungu hadi lenye kina. Programu iliomba kutoka kwenye seva vile tu vilivyo mbele ya mtazamaji, kwa ukali unaolingana na kimo chake. Ndiyo maana hata leo Makurunge huanza na ukungu, kisha paa za nyumba zikajitokeza.

Februari 2003 In-Q-Tel iliwekeza, kwa fedha zilizotoka katika idara ya picha na ramani ya serikali ya Marekani. Wiki chache baadaye vita vya Iraq vilianza, na watazamaji wa CNN wakaonyeshwa Baghdad kwa programu hiyohiyo. Google iliinunua Keyhole mwaka 2004, na Juni 2005 ikaitoa programu yake kwa jina la Google Earth. Novemba mwaka huo In-Q-Tel iliuza hisa 5,636 za Google kwa zaidi ya dola milioni 2.2. Faili za KML ambazo wapima ardhi na wahifadhi hutumiana zilianzia hukohuko Keyhole.

Si haki kuusifu mfumo huu kwa ramani peke yake. Palantir, kampuni ya uchambuzi wa data, nayo ilipata fedha za In-Q-Tel ikiwa changa, na programu zake zimetumiwa na idara ya uhamiaji ya Marekani kuwasaka wahamiaji. Na picha ya Google Earth, inayoweza kukosea kwa mita kadhaa, haiwezi kushika nafasi ya bikoni ya mpaka iliyowekwa na mpima ardhi.

Hata hivyo, mbinu yenyewe inaweza kuigwa bila majasusi. Ng'ambo ya bahari kutoka Bagamoyo, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilirusha droni kuchora upya ramani za Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakashiriki. Ofisi ya umma ilikuja na tatizo linaloeleweka, na vijana wakapata kazi halisi.

Wizara ya Ardhi na Halmashauri ya Bagamoyo zifanye hivyo kwa Makurunge, tena kwa uwazi ambao CIA haina. Ziandike tatizo moja, tuseme mpaka kati ya miwa, malisho na makazi, au mafuriko ya Wami. Zitenge fedha za majaribio na kuziita kampuni changa za Kitanzania. Mkataba na picha zitakazopatikana zibandikwe kwenye ofisi ya kata, wakazi wazione.