Toba na Haki za Waja: Usomaji wa Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona

Ikisiri

Uhakiki wa Al-Inkishafi umeelekea kuusoma utungo huo kama maombolezo ya mji wa Pate, na ule wa Utendi wa Mwana Kupona umejikita katika suala la utii wa mke. Makala haya yanazisoma tungo hizo mbili kwa pamoja kupitia sharti la nne la toba katika mafundisho ya Kiislamu, yaani kurejesha haki za waja. Yanabainisha kwamba tungo zote mbili zinaitegemea kanuni hiyo, lakini zinatofautiana kuhusu nani anahesabiwa kuwa mwenye haki. Katika Al-Inkishafi mdai ni aliyedhulumiwa. Katika Utendi wa Mwana Kupona mdai ni yule mwenye mamlaka nyumbani. Tofauti hiyo ina athari kwa namna maghufira ya Mungu yanavyofikiriwa katika ushairi wa Kiswahili wa kale.

1. Utangulizi

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ni miongoni mwa tungo za Kiswahili zilizoshughulikiwa sana na wahariri na wafasiri. Fasiri ya W. E. Taylor ilichapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand. Baadaye likaja toleo la William Hichens la mwaka 1939, kisha la James de Vere Allen la mwaka 1977. Katika historia hiyo ya uchapishaji, beti zilizovuta macho zaidi ni zile za katikati, zinazoeleza majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Wanahistoria wamezitumia kama ushahidi wa ustawi na maanguko ya mji. Wahakiki wamezisifu kwa taswira zake.

Usomaji huo una msingi, ila unaacha swali moja bila jibu. Ikiwa utungo ni maombolezo, kwa nini hauishii kwenye magofu? Baada ya kuyaeleza majumba na makaburi, mtunzi anaingia katika hukumu ya Siku ya Kiyama, na beti za mwisho zinataja tabaka za Jahannamu moja baada ya nyingine. Moyo unaoambiwa maneno haya yote bado haujajibu. Utungo unaohimiza toba unakoma kabla toba haijatokea. Hoja ya makala haya ni kwamba ukomo huo unaeleweka vizuri zaidi msomaji akizingatia kanuni ya toba inayohusu haki za binadamu wengine. Kanuni hiyohiyo inafungua upya Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika kisiwa hichohicho cha Pate, mjini Siu.

2. Toba na msamiati wake

Katika Ihyaa, Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 1111) anaieleza toba kuwa ni mpangilio wa mambo matatu: ilimu, yaani kuutambua ukubwa wa madhara ya dhambi, hali, yaani majuto yanayozaliwa na ilimu hiyo, na kitendo, yaani kuacha, kuazimia na kurekebisha. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 1277), ambaye ni mmoja wa nguzo za madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, anaanza mlango wa toba katika Riyadhu Swalihina kwa kutenga aina mbili za dhambi. Dhambi iliyo baina ya mja na Mungu ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Dhambi inayomgusa binadamu mwingine ina sharti la nne: kumrudishia mwenye haki haki yake au kumwomba aiachilie.

Sharti hili la nne ndilo linaloipa toba sura ya kijamii. Mungu aliyejitambulisha katika Sura ya Zumar kuwa husamehe dhambi zote, na akawakataza waja wake kukata tamaa, hakulifuta deni la mja kwa mja mwenziwe. Deni hilo lina muda wake. Sura ya Nisaa inaeleza kuwa hakuna toba kwa anayeendelea na maovu hadi mauti yamfikie ndipo adai kuwa ametubu. Anayedaiwa akifa, mlango wa kulipa kwa hiari umefungwa.

Msamiati wa Kiswahili unaakisi mgawanyiko huu. Toba asili yake ni kurudi. Maghufira yanatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunika. Afu ni kufuta. Maneno haya kwa kawaida huelekezwa kwa Mungu. Lakini mtu akimkosea mwenzake husema: “Niwie radhi.” Anachokiomba ni ridhaa ya aliyekosewa, yaani hali ya nafsi ya mtu huyo. Kitenzi -wia kina pia maana ya kudai: ninayemwia ni mdaiwa wangu, na mimi nikiwiwa nina deni. Hata kama ni maumbo mawili yaliyokutana kwa sauti tu, mkutano huo una manufaa kwa mhakiki. Lugha inaweka ombi la msamaha na hesabu ya madeni mahali pamoja. Desturi za pwani zinafanya vivyo hivyo. Anayesafiri kwenda Hija huwazungukia jamaa na majirani kuomba radhi, na penye maziko mmoja wa jamaa husimama kutangaza kwamba anayemdai marehemu awaendee wafiwa.

3. Al-Inkishafi: wadaiwa wasio na muda

Jina la utungo lina maana ya kufunuliwa. Kwa mpangilio wa Ghazali, sehemu kubwa ya utungo ni kazi ya ilimu: mtunzi anauonyesha moyo wake kuwa dunia ni bahari yenye dhoruba na kwamba anayeitamani ni kama mwenye kiu anayeyakimbilia mangati. Moyo hauchochewi kwa hoja peke yake. Unapelekwa kutazama majumba yaliyokuwa na taa, vyombo vya thamani na zidaka zilizopambwa, ambayo sasa yamekaliwa na popo, ndege na wadudu. Lengo ni hali, yaani majuto. Kitendo hakimo ndani ya utungo, nacho hakiwezi kuwamo, kwa kuwa kitendo ni cha msomaji.

Katika maelezo ya maisha ya matajiri kuna jambo ambalo usomaji wa maombolezo hulipita haraka. Mtunzi anapoeleza usingizi wa wakubwa wa Pate, anawataja watu waliokuwa wakiwakanda na kuwapepea, na wanawake waliokuwa wakiwatumbuiza. Watu hawa hawana majina. Wanaingia kama sehemu ya pambo la nyumba, sawa na taa na vyombo. Kisha nyumba inaanguka, bwana wake analala kaburini, na wao hawatajwi tena.

Baadaye, katika hukumu ya Kiyama, anajitokeza mtu mwingine asiye na jina: madhulumu, anayemlilia Mola ampatie haki yake kwa aliyemdhulumu. Mungu anawaita wote wawili na kuhukumu kwa usawa. Fidia ya fedha na dhahabu haipokelewi. Kinacholipwa ni amali njema. Dhalimu asiye na amali za kutosha hutwikwa dhambi za aliyemdhulumu. Tukio hili ni uhawilishaji wa kishairi wa hadithi ya mufilisi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, ambamo aliyefilisika ni yule anayefika na swala, saumu na zaka, kisha amali zake zote zikagawiwa wale aliowatukana, aliowapiga na aliowadhulumu mali zao.

Mtunzi hasemi kwamba madhulumu wa Kiyama ni mmoja wa waliokuwa wakipepea. Kudai hivyo kungekuwa kuusemea utungo usichosema. Hata hivyo mpangilio wake unaziweka taswira mbili za utajiri mkabala. Katika ya kwanza, fedha na dhahabu ndizo kipimo cha hadhi, na wengi wanamhudumia mmoja. Katika ya pili, fedha na dhahabu zimekataliwa, na mmoja anabebeshwa mizigo ya wengine. Aliyekuwa akihudumiwa amekuwa mchukuzi. Ulinganifu huo unayapa magofu kazi mpya. Mtu anayeyatazama haoni tu uzuri uliopotea. Anaona wadaiwa waliokwisha kuondoka na hesabu zao zikiwa wazi. Hakuna anayeweza kurudi Pate kuomba radhi, kwa kuwa walio hai wa mji ule wamekwisha, wadai na wadaiwa.

Hapa ndipo ukomo wa utungo unapopata maana. Iwapo mtunzi angemaliza kwa dua ya kupokewa toba, angeufungia moyo hesabu ambayo kwa mujibu wa sharti la nne haiwezi kufungwa kwa maneno. Anauacha moyo mbele ya moto kwa sababu moyo, tofauti na matajiri wa Pate, bado una muda.

4. Utendi wa Mwana Kupona: radhi iliyotolewa kwa wakati

Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu, alitunga utendi wake wa beti 102 akiwa mgonjwa wa muda mrefu, akamwelekezea binti yake Mwana Hashima. Utendi huu unautaja msingi wake bayana: mwanamke anahitaji radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Siku ya Kiyama mume ndiye atakayeulizwa matakwa yake, na mke ataelekezwa peponi au motoni kwa jibu lake.

Ubeti huo umezua mjadala mrefu. Ann Biersteker (1991) alihoji usomaji unaouona utendi huu kuwa ni fundisho la utii tu, na akarudisha suala la lugha na mamlaka katikati ya uhakiki wake. Kwa mtazamo wa toba, kinachoonekana ni kwamba sharti la nne limepanuliwa. Kwa Nawawi haki ya binadamu hudaiwa palipotokea dhuluma mahususi: mali iliyochukuliwa, heshima iliyovunjwa. Katika utendi, radhi ya mume ni deni la kudumu lisilosubiri kosa. Mke anawiwa kabla hajakosea.

Kuna tukio moja linaloonyesha jinsi deni hilo linavyolipwa. Mwana Kupona anasimulia kwamba yeye na mumewe waliishi bila ugomvi, na mauti yalipomfikia mume alimkaririria mkewe radhi, naye moyo wake ukatosheka. Hili ni tukio ambalo Al-Inkishafi inalikosa: hesabu ya watu wawili inayofungwa wakati wote wawili wangali hai. Lakini tukio linasimuliwa kwa mkondo mmoja, radhi ikitoka kwa mume kwenda kwa mke. Na kuna wengine wanaobaki nje ya hesabu kabisa. Watumwa wanatajwa katika nasaha pale binti anapoonywa asichangamane nao ila wakati wa kazi. Katika orodha ya radhi tano hawamo.

Utendi hauishii hapo. Baada ya nasaha inakuja dua ndefu, na katika dua hiyo mtunzi anamwendea Mungu moja kwa moja, akijiombea afya, akiwaombea watoto na jamaa zake, na akitaka rehema katika maisha haya na yajayo. Hakuna mume anayeulizwa katika sehemu hii. Mwanamke mgonjwa anazungumza na Mola wake bila mtu wa kati. Nasaha na dua zinashikilia kwa pamoja mambo mawili ambayo utendi hauyasuluhishi: wokovu unaopitia mikononi mwa mwenye mamlaka, na rehema isiyohitaji idhini ya yeyote.

5. Pingamizi la rehema

Inaweza kudaiwa kwamba usomaji huu unaifanya hesabu ya madeni kuwa na nguvu kuliko rehema. Hadithi mashuhuri ya aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100, na bado akapokewa alipokuwa njiani kuelekea mji wa watu wema, inaonekana kulipa pingamizi hili uzito. Waliouawa hawakumsamehe. Wanazuoni wamelijibu hilo kwa kusema kuwa Mungu anaweza kuwaridhisha wadai kwa fadhila zake Mwenyewe. Jibu hilo linathibitisha kanuni: hata rehema inapotangulia, mdai haondolewi mahakamani mikono mitupu. Huridhishwa. Rehema inaongeza hazina ya kulipia bila kuchana daftari.

Al-Inkishafi haiingii katika uwezekano huo, na ukimya wake unafaa lengo lake. Anayeonywa akiahidiwa kuwa mwingine atamlipia, onyo hupoteza makali.

6. Hitimisho

Tungo hizi mbili zilitoka katika kisiwa kimoja, katika vizazi vilivyokaribiana, na zinaitegemea kanuni moja. Msamaha wa Mungu hauifuti haki ya mja. Zinapoachana ni katika kumtambua mwenye haki. Al-Inkishafi inamweka mdhulumiwa asiye na jina katika nafasi ya mdai, na kwa hiyo inaupindua mpangilio wa daraja ambao beti zake za majumba zimeueleza kwa ustadi mkubwa. Utendi wa Mwana Kupona unaiweka nafasi hiyo mikononi mwa wazazi na mume, kisha unaipunguza nguvu kwa dua inayompita kila mmoja wao.

Kwa uhakiki wa ushairi wa Kiislamu wa Kiswahili, swali linalofaa kuulizwa kila toba inapotajwa katika utungo ni nani anayedai. Likiulizwa, wapepezi wa Pate na watumwa wa Siu hawabaki pambo la nyumba. Wanakuwa watu ambao radhi yao haijaombwa.