Fundi Anayeanza kwa Kuosha

Gari la zamani likiacha doa jekundu mahali lilipolala, kila anayepita ana jibu lake. Jirani atasema ni pampu. Dereva wa bajaji atasema raki ya usukani imekufa, na anamjua mtu Ilala mwenye raki iliyotoka Japani juzi tu. Muuza spea yeye hasemi. Anauliza aina ya gari na mwaka. Yeyote kati yao huenda akawa amepatia, na ugumu uko hapo hapo. Pawa stelingi ya haidroliki ina sehemu nyingi za kuvujia, na mafuta yakishatoka hayatulii pale yalipotokea.

Mimi namsifu fundi ambaye, baada ya kuwasikiliza wote, anaagiza ndoo ya maji, sabuni ya unga, dizeli kidogo kwenye kopo na brashi iliyochakaa.

Anaosha. Anaosha nyuma ya pampu, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida, anaosha mipira na vyuma vilivyo chini yake, anaingia uvunguni kuosha raki pamoja na raba zake za pembeni. Mwenye gari anaangalia saa. Alikuja gereji kuona spana zikifanya kazi, sasa anaona gari linaogeshwa. Kumbe kazi imeshaanza zamani. Haidroliki, yaani hayo mafuta ya usukani, ya wiki iliyopita ina rangi ileile na ya leo. Upepo wa mwendo huisukuma nyuma, mtetemo wa injini huiteremsha, nayo hutambaa chini ya mpira hadi chuma kinapoishia, ndipo idondoke. Ukifuata tone utafika kwenye kitu kizima kisicho na kosa lolote, na pengine utakibadilisha.

Pakishakauka, anapapiga poda ya mtoto, ile ile inayouzwa dukani, kwenye viungo anavyovishuku. Kisha anamwambia kijana wake awashe gari na kuzungusha usukani kulia na kushoto, taratibu, bila kuung'ang'aniza mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, maana hapo pampu husukuma mafuta yasiyo na pa kwenda na joto hupanda haraka. Yeye yuko chini na tochi. Poda nyeupe ikianza kulowa rangi nyekundu, jibu limeonekana kwa macho, na ubishi wa jirani na dereva wa bajaji umekwisha.

Sababu ya kuzungusha usukani iko kwenye historia ya chombo chenyewe. Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha Pierce-Arrow kilichounda magari na malori, alilifunga jaribio lake la usukani wa haidroliki kwenye gari la kampuni hiyo mwaka 1926. Ujanja wake ulikuwa valvu inayokaa wazi: mafuta yanazunguka yakirudi kwenye kikombe chake cha akiba bila kuzuiwa, na presha inajengeka pale tu dereva anapokata kona. Iliwabidi wanunuzi wa magari wasubiri hadi mwaka 1951, Chrysler ilipouweka usukani wa namna hiyo kwenye Imperial. Tabia ya valvu ile wazi ndiyo inayowachanganya watu hadi leo. Gari likiwa sailensa, limewashwa bila kukanyagwa, na magurudumu yamenyooka, mpira wa presha unaweza kuwa mkavu kabisa; ukianza kukata kona za kuegesha, presha hupanda hadi psi 1,000 na kupita, wakati tairi za gari hilohilo zina kama 30 tu. Ufa uliokuwa umelala hufunguka. Anayefungua boneti na kuchungulia injini ikiwa imezimwa anatafuta kitu ambacho wakati huo hakipo.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdogo hadi unatia aibu. Banio la mpira wa kurudishia limelegea. Oringi ya kwenye pampu imekauka na kuwa ngumu kama plastiki. (Pete hiyo ya mpira, ambayo mashine nyingi haziwezi kufanya kazi bila yake, ilipewa hataza Marekani mwaka 1939 kwa jina la Niels Christensen, mzaliwa wa Denmaki.) Pampu yenyewe ikivuja, mara nyingi ni sili ya shafti nyuma ya puli, na mafuta yake hurushwa na mkanda hadi kwenye boneti. Kwenye mpira wa presha kidonda hupenda kukaa pale mpira unapobanwa na chuma; hapo kutia banio na kufunga kwa waya ni kujidanganya, mpira hubadilishwa.

Lakini ukitaka kumjua fundi wa kweli, mletee Toyota ya zamani inayopoteza haidroliki bila kuacha tone hata moja. Sakafu kavu, raki kavu, pampu kavu, kikombe kinashuka. Juu ya hayo, bomba la moshi limeanza kutoa moshi mweupe. Hapo injini nyingi zimefunguliwa bure, ringi za pistoni zikalaumiwa, sili za valvu zikabadilishwa, na moshi ukabaki palepale. Kwenye pampu za Toyota nyingi za miaka ile kuna valvu ndogo ya hewa yenye vipira viwili vyembamba vinavyokwenda upande ambako injini inavuta hewa. Kazi yake ni kuipandisha sailensa kidogo unapokata kona, gari lisizime. Valvu ikifa kwa ndani, injini huinyonya haidroliki kupitia kipira kile na kuichoma. Fundi anachomoa kipira, anakichungulia, anakipangusa kwa kidole. Kikiwa na wekundu ndani, amemaliza. Hakuna spana kubwa iliyoguswa. Sijui sehemu nyingine ya kazi ya gereji inayonifurahisha kuliko hii, mtu kuunganisha moshi wa nyuma na usukani wa mbele.

Sina sifa za kumpa anayemimina chupa ya kuziba mivujo kabla ya kutazama. Dawa hizo hulainisha na kuvimbisha sili. Kwa sili iliyokauka zinaweza kusaidia kwa muda, kwa mpira uliopasuka hazisaidii kitu. Kibaya zaidi ni kuweka mafuta ya breki. Mpira unavimba kweli, mvujo unakoma, mteja anaondoka akishukuru, na baada ya hapo sili zote za mfumo mzima zinaanza kulainika na kuharibika. Na si kila gari linataka haidroliki ile nyekundu ya kawaida: Honda za zamani zina ya kwao, na fundi makini huuliza kabla ya kujaza.

Magari mapya yanaondoka kwenye shughuli hii. Tangu Suzuki Cervo ya mwaka 1988, mota ya umeme imekuwa ikichukua nafasi ya pampu, na mota haivuji. Lakini barabara zetu bado zimejaa magari ya pampu na mkanda, na yanakuja kuzeekea kwetu.

Pagumu pa mwisho ni raki. Fundi anaminya raba za pembeni. Zikiwa zimejaa mafuta, sili za ndani zimechoka. Raki ya mtumba nayo ina umri wake na sili zake, zilizokaa kavu kwenye kontena. Ikiwa mvujo ni wa jasho tu, usukani ni mwepesi, hauchezi, na mafuta hayafiki kwenye mkanda wala kwenye bomba la moto la injini, fundi ninayemsema husema, "Bosi, hii tuiache kwanza." Anaweka alama ya kalamu kwenye kikombe na kumtaka mwenye gari arudi mwisho wa mwezi. Ndipo ubishi wa pesa unapoanza, kwa sababu mwenye gari haoni alipie nini wakati hakuna spea iliyobadilishwa. Ningekuwa mimi ningemlipa sawa na aliyeshusha raki nzima, na sabuni ningemrudishia.