Je, Fedha Huyeyuka Ndani ya Mango?

Baadhi ya wanasayansi husema kwamba ioni za fedha ndani ya iodidi ya fedha iliyopashwa moto "zimeyeyuka". Usemi huo, kwa maoni yetu, haustahili kufasiriwa neno kwa neno katika vitabu vya shule.

Tangu uchunguzi wa Tubandt na Lorenz wa mwaka 1914, imefahamika kwamba iodidi ya fedha, ifikapo nyuzi 147 za Sentigredi, hubadili umbo la fuwele yake, na uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka maelfu ya mara. Hata hivyo bado ni mango. Huyeyuka karibu na nyuzi 558, na hapo, ajabu, uwezo huo hupungua kidogo! Mwanafunzi aliyefundishwa "kuyeyuka" atalielezaje jambo hili?

Ioni za iodidi hubaki kiunzi imara, zikitikisika tu mahali pake. Katika kizio cha fuwele kinachojirudia, ioni 2 za fedha zina nafasi 12 za kukaa. Basi huruka kutoka nafasi moja hadi ya jirani. Kwa sababu hiyo hata "kutiririka" hatukukubali: hilo ni neno la maji ya mto. Tunapendekeza "kuhama". Mpangaji huhama, nyumba ikabaki. Mahali pasipo ioni paitwe "nafasi wazi". "Tundu" liachiwe elimu ya nusu-vipitishi, ambako lina kazi nyingine.